Ombi la Kupunguziwa

Waheshimiwa, nasimama kwa niaba ya Idwal Rowlands,
miaka hamsini na tisa, dereva wa lori la chumvi la halmashauri.
Usiku wa barafu, mji ukiwa umejifunika,
yeye ndiye anayepanda mlima kuimwagia barabara chumvi
ili asubuhi walimu wafike shuleni, na mimi nifike hapa.

(Hiyo "na mimi" sikuiandika. Ilinitoka.)

Amekiri kosa mara ya kwanza alipoulizwa.
Hakubishana na kipimo: arobaini na saba,
pale sheria inapokomea thelathini na tano.
Hakugonga mtu. Hakugonga hata ua.
Gari lilisimama, naye amelala juu ya usukani,
injini ikinguruma kwa ajili ya joto tu.
Sheria inasema mwenye funguo ndiye mwenye safari.
Hatupingi.

Leseni ya miaka thelathini na minane, haina doa.
Ninayo barua ya msimamizi wake, Bi. Luned Parry.
Ni mistari mitatu, na wa tatu unauliza:
"Nani atapanda mlima ule mwezi huu?"

Hapa karatasi yangu ina pengo la vidole vinne.
Jana, katika chumba chenye redieta inayovuja,
niliandika hapo jina, Gethin, nikalipigia mstari.
Kaka yake. Kazikwa Septemba. Nyumba imeuzwa Novemba.
Na gari lilikutwa wapi? Mbele ya lango la nyumba hiyo,
taa zimezimwa, chupa nusu kwenye kiti cha pembeni,
mwenye nyumba mpya nyuma ya pazia
akinong'ona na polisi kwenye simu.
Nikamwambia Idwal: hii ndiyo kete yetu.
Aliitazama karatasi kama mtu anayeona
viatu vya ndugu yake miguuni mwa mgeni.
"Huyo muache," akasema. "Hakunywa yeye."

Nimekuwa wakili miaka kumi na minne.
Nimeomba huruma kwa mama mgonjwa, kwa mbwa aliyekufa,
kwa talaka ya juzi, na mara moja kwa harusi ya shemeji.
Najua bei ya kila chozi mbele ya mahakimu watatu:
mwoka mikate mstaafu, mwalimu wa hisabati,
mwanamke wa benki anayeandika kila kitu.
Kutenda kosa si kosa, husema watu
ambao hawajasimama kizimbani
wakitafuta pa kuiweka mikono.

Basi nikaliruka pengo kama arukaye mfereji.
Nikasema: anajuta.
Neno lililochakaa, sarafu iliyopita mifuko mingi,
lakini ndilo nililoruhusiwa kutumia.

Mwoka mikate akavua miwani.
"Kwa nini pale, Bwana Rowlands?
Si ni maili sita kutoka kwako?"

Idwal alikuwa amechagua kusema Kiwelisi,
kwa hiyo wasiokijua walikuwa na visikizio masikioni.
Alijibu neno moja.
Mimi nililisikia kabla yao, nikatazama viatu vyangu.
Sekunde mbili. Kisha mkalimani,
taratibu, kama mtu aliyebeba yai:
"Nyumbani."

Mwanamke wa benki aliacha kuandika.
Hakuna aliyeuliza tena.

Walitoka, wakakaa, wakarudi.
Pointi kumi. Faini pauni mia tatu na arobaini.
Leseni ibaki kwake.
Kwenye ngazi alinipa mkono, ngozi imepasuka kwa chumvi,
akashukuru, akashuka hatua mbili, akageuka:
"Uliruka vizuri."

Usiku ule baridi ilikaza.
Alfajiri nilishuka kutoka Bethesda peke yangu,
lami nyeusi, imelowa, haitelezi,
punje zikigonga tumbo la gari langu
kama mchele unaopetwa.
Sikujua zamu ilikuwa ya nani.
Nilipunguza mwendo hata hivyo.